Kompyuta Mbili na Rangi ya Damu ya Mzee

Shangazi yangu mpendwa,

Kiti chako kiko kwangu sasa. Tulipokuwa tunaondoa vitu kwenye flati yako ya Ilford, kila mtu alichagua cha kwake. Mama Gloria alibeba masufuria, watu wa kanisani wakabeba mashuka na sahani, na mimi nikasema nataka kiti. Walinicheka. Unakijua mwenyewe, kile cha kahawia karibu na hita, kilichobonyea katikati mpaka mtu akikaa magoti yanamgusa kidevu. Nilikipandisha ngazi za hapa Tottenham kwa kukisukuma na kukivuta, na kwenye kona ya orofa ya pili nikakusema vibaya kidogo. Unisamehe.

Nakuandikia kwa sababu naolewa. Ndiyo, umesikia vizuri. Anaitwa Elia, ni nesi, ni mpole, na anakula ugali bila kulazimishwa. Acha vigelegele kwanza, maana nina shida. Mimi ambaye nimewatengenezea kadi karibu Watanzania wote wa mji huu, kadi yangu mwenyewe ilinishinda. Maandishi yapo, maua yapo, rangi hakuna. Kila niliyoijaribu niliifuta. Kamati inaongozwa na Mama Gloria siku hizi, na unajua alivyo, alinipa mpaka Jumamosi ili wakanunue vitambaa vya sare. Sikumwambia kwa nini nasitasita. Kwako naweza kusema: hutakuwepo, na nilitaka katika harusi ile kiwepo kitu kimoja ambacho mtu akikiona atasema, hapa yupo Shangazi Tabitha. Sikujua kitu hicho ni nini.

Ndipo nikaanza kukumbuka habari za zile kompyuta mbili.

Ilikuwa miaka ile ya mwanzo wa elfu mbili. Nilikuwa nakaa kwako, asubuhi nafanya cleaning kwenye maofisi, mchana nakwenda chuo kusoma graphic design, ambayo wewe uliwaambia watu kanisani kwamba ni kuchora kwa umeme. Nilipomaliza chuo, kompyuta za chuo nazo zikabaki chuoni. Watu walikuwa wameshaanza kuniletea kazi: kadi za ubatizo, programu za ibada, lebo za chupa za pilipili za mama mmoja wa Hayes. Nilikuwa fundi asiye na nyundo. Ukasema, "Jumanne sina shift. Twende tukanunue."

Tukashuka Warren Street tukatembea Tottenham Court Road, duka hadi duka, mpaka tukazikuta laptop mbili zimekaa jirani kwenye meza moja. Moja ilikuwa ya bei ya watu, nyeusi, ya plastiki nene, ya kuandikia barua na kupigia hesabu. Nyingine ilikuwa ya kazi hasa, ile waliyokuwa wanatumia wabunifu wenyewe, nyembamba, na kioo chake kilinifanya nimeze mate. Bei yake sitaitaja, nisikuondolee raha huko uliko.

Wewe ulizifunga zote mbili, ukaziinamia, ukazigonga kwa kifundo cha kidole, kama ulivyokuwa unagonga sufuria kujua unene wa kitako chake. Yule kijana muuzaji mwenye tai alikuja mbio.

"My dear, don't worry," ulimwambia. "I am only listening."

Kisha ukanigeukia. "Neema, hii inafunguka, na ile inafunguka. Hii inaandika, na ile inaandika. Sasa hiyo bei nyingine ni ya nini? Inapika?"

Nilikueleza habari za kasi, za memory, za rangi. Nilikwambia kwamba mchoraji anahitaji kioo kinachosema kweli. Ulinisikiliza vizuri, sitakusingizia, halafu ukasema, "Mwanangu, chukua hii ya kuanzia. Ikikuletea kazi, na hizo kazi zitakuletea ile." Nilikubali upesi. Ukweli ni kwamba nilipumua, kwa sababu ile ya ghali ilikuwa inanitisha. Kompyuta ya kazi inadai mtu wa kazi, na mimi bado nilikuwa najiona msichana wa kufagia ofisi anayejua kuchora.

Kwenye basi ulilipakata boksi kama mtoto aliyetoka kliniki, ukamweleza kila aliyekaa karibu kwamba binti wa kaka yako amenunua ofisi.

Na ile kompyuta ilifanya kazi, Shangazi, lazima niseme. Ilikuwa nzito ya kuelewa. Nilikuwa nikihifadhi picha kubwa nakwenda jikoni kukaanga yai, nikirudi bado inafikiri. Lakini kadi zilitoka, programu zilitoka, na watu wakaanza kuniita "yule dada wa kadi." Nililipenda jina hilo kuliko nilivyoonyesha.

Halafu ikaja kitchen party ya Upendo.

Wewe ndiye ulikuwa mwenyekiti wa kamati, kama kawaida. Watu wa huku wanashangaa nikiwaeleza kwamba kwetu mtu haolewi mpaka kikae kikao, na kikao hakifunguliwi bila mwenyekiti, katibu na mweka hazina. Wanashangaa zaidi nikiwaambia kwamba kadi ndiyo inayotangulia na sare za akina mama zinafuata rangi ya kadi. Rangi ikishapitishwa, imepita, kama sheria.

Basi siku ile nilileta kompyuta kwenye kikao, nikaiweka juu ya meza ndogo ya sebuleni kwako. Mimi nilikuwa nimepiga magoti mbele yake. Wewe ulikuwa umezama kwenye kiti chako. Mama Upendo na wengine walikuwa kwenye sofa, na Mama Gloria alikuwa amesimama nyuma yao na kikombe chake cha chai, maana sofa ilikuwa imejaa. Nikafungua kadi.

"Damu ya mzee!" ulisema, ukapiga makofi. "Lakini siyo ile ya kawaida. Hii ina kitu ndani yake."

"Safi kabisa," alisema Mama Gloria. "Hiyo hiyo, msiiguse."

"Imepita," alisema Mama Upendo.

Kikao kilikwisha kabla chai haijapoa. Hapo tu tulipaswa kujua kuna kasoro, kwa sababu akina mama wale walikuwa hawajawahi kukubaliana jambo hata moja, hata lile la chai iwe na tangawizi au isiwe nayo.

Niliweka kazi kwenye CD, nikaipeleka kwa mchapaji. Mama Gloria, ambaye hapendi kuchelewa, akaenda maduka ya vitambaa kesho yake akanunua majora ya sare kwa rangi aliyoiona kwa macho yake. Tukakutana tena kwako kufungua maboksi. Kadi zilitoka rangi ya maharage yaliyoungua. Vitambaa vilikuwa rangi ya waridi, ile ya sukari ya keki. Upendo alitazama kadi, akatazama kitambaa, akatoka akaenda kukaa kwenye ngazi, nje ya mlango.

Unakumbuka kelele zile? Kila mtu alikuwa anaapa. Mama Gloria aliapa kwamba kadi ilikuwa ya waridi. Mama Upendo aliapa ilikuwa nyekundu. Wewe ulisema wote wana matatizo ya macho, rangi ilikuwa damu ya mzee na ulikuwa hujawahi kuona nzuri kama ile. Mimi niliifungua kompyuta niwaonyeshe. Nikiwa nimepiga magoti, niliona nyekundu niliyoichora. Nikasimama kwenda kumpelekea Upendo tishu, na nilipokuwa nasimama, rangi ikafifia mbele ya macho yangu ikawa waridi. Nikapiga magoti tena, ikarudi. Nikasimama, ikakimbia. Nikapiga magoti, nikasimama, nikapiga magoti. Mama Gloria alidhani naomba toba.

Kioo kile cha bei ya watu kilikuwa kinampa kila mtu rangi yake, kulingana na alipokaa. Kamati nzima mlikuwa mmepitisha rangi mnazozipenda, kila mmoja ya kwake, na mchapaji naye akatoa ya kwake.

Niliona aibu ambayo bado naikumbuka mwilini. Mama Upendo alisema, kwa sauti ya kutosha, kwamba wakati mwingine kazi ipelekwe kwa wenye kazi yao. Nilikunja kompyuta nikasema sichori tena, nitaongeza masaa ya usafi, basi. Na nilikuwa nimekusudia.

Wewe uliniita. "Nivute." Nikakushika mikono yote miwili, nikakuvuta kutoka kwenye kiti kama tulivyofanya kila siku, ukasimama na kurekebisha kanga kiunoni.

"Kamati haijavunjwa," ulisema. "Magauni yatakuwa ya waridi. Vilemba vitakuwa vya rangi ya kadi. Atakayeuliza aambiwe ndiyo fashion ya London. Upendo, ingia ndani, utapata baridi."

Na ndivyo ilivyokuwa. Nimezitazama picha zile juzi. Wamependeza kweli, hata vilemba vya maharage.

Nilidhani umemaliza. Jumapili iliyofuata, baada ya ibada, uliwazuia akina mama wasiondoke, ukafungua kikao kwa sala kama vikao vyote.

"Ajenda ni moja," ulisema. "Neema hajaolewa. Na tukisubiri aolewe ndipo tumchangie, mtoto huyu ataharibikiwa na kazi yake tukiwa tunamtazama. Kwa hiyo hii ndiyo harusi yake kwa sasa. Bwana harusi ni laptop."

Nilitamani sakafu ya ukumbi ifunguke inimeze. Mama Gloria hakucheka hata kidogo. "Mwenyekiti, na mahari je?"

"Atalipa yeye. Kadi za watoto wenu, miaka yote."

"Na sare?" aliuliza mwingine.

"Tujue kwanza rangi ni ipi," ulijibu, na hapo ndipo watu wakaangua kicheko, hata Mama Upendo, ambaye alifungua pochi wa kwanza. Alisema anachanga kwa sababu ana binti wa pili na hataki kulia mara mbili. Kamati ile tuliiita Kamati ya Kompyuta. Nimeshiriki kamati nyingi tangu wakati huo, na sijaona nyingine ambayo bwana harusi wake alikuwa na chaja.

Tulirudi Tottenham Court Road na ujumbe wa kamati, wewe, Mama Gloria na mimi. Yule kijana mwenye tai alitukumbuka, na naamini alitamani kujificha. Safari hii hukugonga kitu. Ulimwambia afungue picha yenye nyekundu nyingi, kisha ukatupanga.

"Mama Gloria, simama pale nyuma. Neema, piga magoti mbele. Mimi nitakaa." Hapakuwa na kiti kifupi cha kukutosha, ukakaa juu ya boksi la printa. "Haya, nikihesabu tatu kila mtu aseme rangi anayoiona."

Tulisema "Nyekundu!" kwa sauti moja, duka zima likageuka. Tukabadilishana nafasi, tukasema tena. Kijana akauliza kwa adabu sisi ni watu wa kanisa gani.

Ulimwambia aifunge kwenye boksi lake. Lakini nilipokuja kukuvuta usimame, uliitazama ile kompyuta mara moja zaidi, ukasema kwa sauti ndogo, "Ni nzuri. Inasema kweli. Ila ile rangi niliyoiona mimi, haimo humu."

Watu huniuliza mpaka leo, kwa simu na kwa meseji: dada Neema, nataka kuanza kazi ya kuchora, ninunue ile ya bei ndogo au ile ya ghali? Zamani niliwajibu kwa maneno mengi ya kitaalamu. Sasa nawauliza, kuna mtu atakayekata kitambaa kwa kutazama kazi yako? Kama hakuna, nunua ya bei ndogo, ujifunze nayo, ikoroge, ilaani, haitakuangusha. Kama yupo, subiri, changisha, nunua ile inayoonyesha kitu kimoja kwa aliyesimama na aliyekaa. Na ukienda dukani, nenda na shangazi yako.

Ile ya ghali ilinipa maisha. Kwa kazi zake nilipata ajira kwenye ofisi ya matangazo, na baadaye chumba changu mwenyewe cha kazi hapa juu ya duka la nywele. Ulikuja kukizindua kwa sala ndefu mpaka supu ikapoa. Mahari nimelipa pia, usiwe na wasiwasi. Binti wa pili wa Mama Upendo alipata kadi nzuri kuliko zote.

Ila hukuacha habari ya ile rangi. Tukipita dukani ulikuwa unashika kitambaa cha damu ya mzee na kukiinua kwenye mwanga: "Inakaribia, lakini siyo." Hata ulipokuwa umelala hospitali, ulitazama shali ya mwanamke wa kitanda cha pili ukanong'ona, "Siyo hiyo pia." Nilicheka, nikakutengeneza mto. Nilidhani umeamua tu kutoshindwa. Au kwamba uliitunga rangi hiyo siku ile ya maboksi ili nisijione nimeharibu kila kitu, na kwa kuwa ulishasema, ukaona aibu kurudi nyuma. Tulipokurudisha Korogwe, programu ya mazishi niliitengeneza kwa bluu. Ilikuwa nzuri. Haikuwa yako.

Sasa nisikilize. Alhamisi mchana nilikuwa nimekata tamaa kabisa na kadi yangu. Nikakumbuka kwamba yale maua ya kadi ya Upendo yalikuwa mazuri, nikaitoa kompyuta ya zamani kabatini ili niyaige. Betri ilishakufa, lakini nilipoichomeka ukutani ikawaka, polepole, na hasira zake zile zile. Niliiweka juu ya meza ndogo, nikafungua kadi ya Upendo. Nilikuwa nimechoka, na kiti kilichokuwa karibu kilikuwa chako. Mpaka siku ile nilikuwa sijakikalia. Kwako hakuna aliyethubutu, na hapa kwangu nilikuwa nakipangusa vumbi na kukipita.

Nikakaa. Nikazama mpaka magoti yakafika kidevuni. Nikainua macho.

Ilikuwepo, Shangazi. Kutoka huko chini, kioo kile kibovu kilikuwa kimeitia rangi yangu giza pembeni na kuiachia moto katikati, kama kaa lililofunikwa na majivu mtu anapolipuliza. Damu ya mzee, lakini siyo ile ya kawaida. Ina kitu ndani yake, kama ulivyosema. Nilijiinua kidogo ikapotea. Nilizama ikarudi. Haikuonekana kutoka mahali pengine popote chumbani ila kwenye kiti chako, na wewe ndiye uliyekuwa ukikaa hapo.

Nililia, sitaficha. Nililia kwa furaha na kwa kukukosa, vyote pamoja. Hukuwa mbishi. Hukunitungia. Miaka yote ile ulikuwa unatafuta kitu ulichokiona kweli, nilichokuwa nimekichora mimi bila kujua.

Nikachukua kompyuta yangu ya kazi nikaiweka mapajani, nikaanza kuitafuta rangi ile kidogo kidogo, jicho moja kwenye kioo cha zamani na jicho moja kwenye hiki changu, nyekundu kidogo, nyeusi kidogo, hapana, rudi, ongeza. Elia aliporudi kutoka zamu alinikuta nimekunjamana kitini na kompyuta mbili zinawaka, na kwenye zote mbili rangi moja. Hakuuliza. Aliweka maji ya chai.

Ijumaa mchapaji alinipa nakala ya majaribio. Niliitazama nimesimama, nimepiga magoti, nikaibeba mpaka dirishani. Haikubadilika. Jumamosi Mama Gloria alikuja na kamati yake, akaishika, akaisogeza karibu na macho.

"Hii umeitoa wapi?"

"Ndiyo ile ya Shangazi," nilisema. "Ile ya kitchen party ya Upendo. Alikuwa anaiona kweli."

Nikamkalisha kwenye kiti chako, nikamwonyesha. Mama Gloria aliitazama kwa muda, akafuta miwani yake kwa ncha ya kitenge, akaitazama tena. Kisha akasema, "Imepita," na safari hii hakuna aliyehitaji kuulizwa alikuwa amekaa wapi.

Basi hiyo ndiyo rangi ya harusi yangu. Akina mama wote wataingia ukumbini wameivaa, na kila mtu, aliyeko mbele na aliyeko nyuma mlangoni, ataona kile ulichokuwa unakiona peke yako.

Namalizia barua hii nikiwa bado nimekaa kitini mwako. Hukuwahi kunifundisha namna ya kutoka humu bila msaada, na nadhani hata wewe hukuijua. Nimemwita Elia aje anivute mikono yote miwili. Anakuja.

Lala salama, mwenyekiti wangu.

Mimi,
Binti wa kaka yako